Mzazi Anayetaka Kuanzisha Shirika la Selimundu: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Maagizo haya ni ya mzazi, shangazi au kaka aliyeuguza mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao mitaani tunauita sikoseli, na sasa anataka kuanzisha shirika ili wengine wasipite alikopita yeye. Nia yake siihoji. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na nchi yetu hutajwa pamoja na Nigeria, Kongo na India miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kuliko zote duniani. Kazi ipo, tena imewazidi watu. Ninachokihoji ni ile imani kwamba aliyeuguza tayari anajua kuongoza. Nimekaa kwenye bodi za mashirika ya namna hii, nimesoma taarifa zao za fedha na mihtasari ya vikao vyao, na mengi yaliyokufa hayakuuawa na ukata. Yaliuawa na mwanzilishi aliyeshindwa kutenganisha nyumba yake na ofisi.

Usianze kabla matanga hayajaanuliwa. Kama mtoto amefariki, zika, pokea pole, lala, kula. Watu watakuja msibani waseme "tufanye kitu kwa jina lake," na bahasha ya rambirambi itakuwa bado haijafunguliwa. Usiigeuze mtaji. Rambirambi ina wenyewe na ina desturi zake; ikishaitwa fedha ya shirika, miaka miwili baadaye shemeji yako atauliza ilikokwenda, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kama mtoto yu hai na ametoka wodini juzi, ngoja vilevile. Mtu asiyepata usingizi hasomi mkataba akauelewa.

Jifunze ugonjwa, usiishie kwa mtoto wako. Wako ni mgonjwa mmoja. Huenda yeye husumbuliwa na mifupa. Wa jirani hajawahi kulia kwa maumivu lakini alipata kiharusi akiwa darasa la pili. Wa tatu alivimba bandama na damu ikamwishia ndani ya siku moja. Ukijenga shirika juu ya dalili za mtoto mmoja, utawafundisha wazazi kutazama dalili hizo na kupuuza nyingine zinazoua. Keti na muuguzi wa kliniki akueleze kwa nini mtoto wa chini ya miezi sita mara nyingi huonekana mzima, kwa sababu himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inamkinga. Akueleze kwa nini homa kwa mtoto huyu ni dharura hata kipimo cha malaria kikisema hakuna. Akueleze habari ya pensilini ya kunywa kila siku hadi umri wa miaka mitano. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba dawa hiyo, ambayo ni ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Mwanzilishi asiyelijua hili atapeleka wodini juisi na mashuka, apige picha, na dirisha la dawa litabaki halina pensilini.

Usimwambie mama kwamba "katika watoto wanne, mmoja ataugua." Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba urithi wa selimundu bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, upya. Mimba haijui ya kabla yake ilitoa nini. Nimewasikia watoa elimu wenye fulana na kipaza sauti wakiisema ile ya mmoja kati ya wanne, na mama mwenye mgonjwa mmoja nyumbani akaondoka ameridhika kwamba fungu lake limekwisha. Watoto watatu wote wanaweza kuugua. Wanne wote wanaweza kuwa wazima. Fundisha hivyo, hata kama inachukua dakika kumi zaidi na ratiba ya mgeni rasmi inabana.

Na utakapoeleza, eleza baba akiwepo. Katika nyumba nyingi ugonjwa huu huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama. Mke hurudishwa kwao, mume huoa kwingine, na hakuna aliyemwambia kwamba nusu ya urithi ule ilitoka kwake. Shirika ambalo vikao vyake vyote vimejaa akina mama peke yao linauthibitisha uongo huo bila kufungua mdomo. Wala usijifanye kadhi au padri wa kuamua nani aoane na nani. Kupima kabla ya ndoa ni jambo jema. Wape majibu yao kwa faragha, wape ushauri, halafu nyamaza.

Watafute waliotangulia kabla hujachonga muhuri. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia kundi kubwa la wagonjwa wa selimundu tangu 2004, katika kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na humo wameandikishwa maelfu ya wagonjwa. Nenda kwenye kliniki, hapo au popote iliyo karibu nawe, uulize swali moja: nini hakipo? Watakujibu jambo dogo lisilopendeza kwenye picha. Nauli ya mama anayetoka mbali. Mtu wa kuwapigia simu waliokosa miadi. Kadi za kuandikia maendeleo ya mtoto, ambazo zimeisha tangu mwezi uliopita. Kama lipo tayari shirika linalofanya ulilokusudia kufanya, jiunge nalo. Ushauri huu haupendwi, maana kila mtu anataka kuitwa mkurugenzi mtendaji.

Shika jambo moja. Doris Mollel, aliyezaliwa njiti akiwa na uzito wa chini ya kilo moja, alianzisha taasisi yenye jina lake mwaka 2015. Hakusema atashughulikia afya ya mama na mtoto kwa mapana na marefu yake. Alishika watoto njiti: vifaa vya kuwasaidia kupumua wodini, na likizo ya mama anayekaa hospitali wiki nyingi akimlea mtoto kifuani huku siku zake za uzazi zikiyoyoma. Mei Mosi ya 2024 serikali ikatangaza kwamba muda wa mtoto njiti kuwa chini ya uangalizi hautahesabiwa ndani ya likizo ya uzazi. Sisemi taasisi moja ndiyo iliyofanya yote. Wauguzi, wabunge na vyama vya wafanyakazi walikuwamo. Nasema kwamba miaka tisa ya kurudia ombi lilelile huzaa matunda ambayo miaka tisa ya kurukia kila kongamano haiyazai. Sasa itazame katiba yako ya shirika. Kama ina malengo kumi na saba, na mojawapo ni mazingira na jingine ni ujasiriamali wa vijana, rudi ukaifute.

Usiweke kazi Dar es Salaam kwa sababu tu wewe unaishi Dar es Salaam. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Alikuta urithi wa selimundu umejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba nyanda za juu. Kufikia 1954 alikuwa ameonyesha sababu: anayebeba urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Ramani ile haijabadilika sana. Kagera, Mwanza, Geita na Mara ndiko ugonjwa ulikojikita, na ndiko mtoto hufa kabla hajapata jina la ugonjwa wake, akiandikwa malaria au upungufu wa damu. Dar nako wagonjwa wapo, wengi, lakini Dar ina Muhimbili. Shirika linaloanzia Sengerema na mfanyakazi mmoja na pikipiki moja lina faida kuliko lenye ghorofa ya pili Mikocheni.

Usigawe haidroksiyurea bila maabara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wenye huruma wanapodhuru watu. Dawa hii ni nzuri. Utafiti wa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale na kuchapishwa 2019, uliwatibu watoto 606, na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vikapungua. Tangu hapo hakuna sababu ya kusema dawa hii ni ya wazungu au haifai kwenye nchi zenye malaria. Lakini watoto wale walipimwa damu mara kwa mara na dozi ikapangwa kwa uzito na majibu yao. Haidroksiyurea ikizidi hushusha chembe nyeupe, na mtoto huyu kinga yake tayari ni dhaifu.

Kwa hiyo unapoandika bajeti, usiandike bei ya vidonge peke yake. Andika kipimo cha picha nzima ya damu, kile kinachoitwa FBP, kwa kila mtoto na kwa kila mara daktari atakayokitaka. Andika nauli ya kukifuata. Andika pia fedha ya miezi sita ya akiba, maana mfadhili hukatiza bila taarifa na mtoto aliyeizoea dawa hurudi alikotoka mara inapokatika. Kama fedha inatosha watoto ishirini kwa namna hiyo, wahudumie ishirini. Usiwape mia moja dawa ya miezi mitatu ili ripoti ipendeze. Na kopo la dawa litoke mkononi mwa mfamasia au daktari, si kwenye buti ya gari lako baada ya semina.

Usipokee mashine kama huna vitendanishi. Kila hospitali kubwa ina stoo yenye mashine ya msaada iliyofunikwa shuka. Vipimo vya haraka vya selimundu vipo, havihitaji umeme, tone la damu linatosha na jibu linatoka ndani ya dakika zipatazo kumi. Anza na hivyo.

Changisha damu, na uichangishe wakati wa likizo. Hili ni rahisi kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Mtoto wa sikoseli huishi kwa damu ya watu wengine, na sehemu kubwa ya damu ya nchi hii hutolewa na wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, majokofu huanza kukauka. Zungumza na Mpango wa Taifa wa Damu Salama wakupe timu, wewe ulete watu: waumini wa Ijumaa na Jumapili, madereva wa bodaboda wa kijiwe chako, wafanyakazi wa benki. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Weka daftari la simu zao na uwakumbushe zamu ikifika. Usiwalipe. Soda na biskuti, basi.

Shirika likifanya hili tu kwa miaka mitano bila kukosa, mimi nitalivulia kofia.

Usiahidi uponyaji. Juni 19 ni Siku ya Selimundu Duniani, na siku hiyo redioni utasikia ugonjwa huu "sasa unapona." Sema ukweli wote au usiseme. Kupandikiza uloto kunaponya, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wenye selimundu mwaka 2023. Lakini kwa kawaida anahitajika mchangiaji anayelingana kabisa na mgonjwa, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana naye. Tiba ya kuhariri vinasaba iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mama wa Muleba ana haki ya kujua kwamba tiba hiyo ipo. Ana haki pia ya kujua kwamba leo haimhusu, ili asiuze shamba akimfuata dalali.

Watakuja pia wauza virutubisho, wale wa kuingiza marafiki chini yako, wakitaka kudhamini hafla. Wana fedha taslimu na wana maturubai. Kataa. Mara nembo yao ikikaa kando ya yako, mzazi ataacha pensilini anunue chupa yao, na siku ya mazishi jina litakalotajwa ni lako. Mganga wa kienyeji usimtukane, maana mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mtoto; mfundishe homa gani aikimbize zahanati.

Usiahidi kwa sera ya mwingine. Kulipia watoto bima ni wazo zuri linalovutia wachangiaji. Kwa miaka kadhaa Toto Afya Kadi iligharimu Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na watu wengi wema walichangisha kwa hesabu hiyo. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa utaratibu ule. Waliokuwa wamewaambia wazazi "tutawalipia kila mwaka" walibaki wakijieleza. Sema "mwaka huu." Usiseme "kila mwaka."

Usimfanye mtoto bango. Picha ya mtoto mwenye dripu, macho ya njano, fulana ya shirika imevalishwa juu ya gauni la hospitali: naijua na wewe unaijua. Inaleta fedha haraka. Mtoto huyo atakuwa na miaka ishirini na mbili siku moja, atatafuta kazi, atapeleka barua ya posa au kuipokea, na picha itakuwa bado ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utu wake hata kwako wewe mzazi. Idhini ya maandishi si karatasi ya kumsainisha mama saa nane usiku mtoto akiwa na oksijeni. Omba siku nyingine, akiwa nyumbani, na kubali akisema hapana.

Kwa sababu hiyohiyo, usiliite shirika kwa jina la mtoto aliye hai. Najua yapo yanayofanya hivyo, na baadhi yanafanya kazi nzuri. Bado nasema usifanye. Mtoto hakuomba kuwa taasisi.

Kundi la WhatsApp la wazazi nalo lina sheria: hakuna kutuma picha za majibu ya maabara, hakuna kuuliza dozi, hakuna kutangaza kifo kabla familia haijatangaza. Msimamizi awe na ujasiri wa kumtoa mtu.

Mpe kiti mgonjwa mtu mzima. Mashirika yetu yote yamejaa watoto. Wanaovuka miaka kumi na minane huhamishwa kutoka kliniki ya watoto, hawakuti mlango ulio wazi kule wanakokwenda, na wengi hupotea. Wapo walimu, mafundi, wanasheria wenye selimundu ambao wanajua maumivu haya kwa ndani, jambo ambalo mzazi hata akikesha miaka kumi hawezi kulijua. Waweke wawili kwenye bodi. Wakikwambia kipindi chako cha redio kinawafanya waonekane wafu watarajiwa, kibadilishe.

Sajili kwa mlango wa mbele. Tanzania Bara, sheria ni ile ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 pamoja na marekebisho ya 2019. Zanzibar ina utaratibu wake. Chagua ngazi unayoiweza kweli, ya wilaya, mkoa au taifa. Wanaokimbilia taifa kwa ajili ya heshima hujikuta wanadaiwa taarifa za mikoa ambayo hawajawahi kukanyaga. Ada ya mwaka na taarifa ya mwaka ziwe kwenye kalenda ya ukutani. Ufadhili ukizidi Sh20 milioni kuna masharti ya kuutangaza na kuwasilisha mkataba kwa mamlaka, usisubiri kuulizwa. Kabla ya kazi, piga hodi kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa afisa maendeleo ya jamii. Ukiingia kijijini na sindano bila barua, mtendaji akikukamata hajakuonea.

Jambo moja linawanasa wengi: kusajiliwa na Msajili hakukuondolei kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa TRA, kwa maandishi, na huweza kukataliwa. Ukimwajiri hata mhudumu mmoja, kuna kodi ya mshahara wake na kuna NSSF yake. Posho ya kila mwezi isiyo na mkataba ni mshahara uliofichwa, na mkaguzi ataiita kwa jina lake.

Fedha isipite kwenye simu yako. Hata siku moja. Hata kama benki imefungwa na mtoto anahitaji damu. Fungua akaunti ya shirika, lipa namba ya shirika, watia saini wawili wasiolala nyumba moja. Ukitoa fedha yako mfukoni kumwokoa mgonjwa, hiyo ni sadaka yako. Usije Jumatatu kujirudishia bila risiti. Kila mwaka mwite mkaguzi wa nje, na taarifa yake ibandikwe pale wazazi wanapokaa wakisubiri kliniki, kwa Kiswahili, tarakimu zikionekana. Waliochanga buku mbili wana haki sawa na ubalozi.

Ndugu wasifikie nusu ya bodi, na mwanzilishi asiwe bosi wa bodi yake. Hili halihusu Waswahili peke yao. Susan Komen alifariki kwa saratani ya matiti Marekani mwaka 1980 akiwa na miaka 36, na 1982 mdogo wake, Nancy Brinker, akaanzisha shirika kwa jina la dada yake. Likawa kubwa mno, na lilichangia kuufanya ugonjwa uliokuwa ukitajwa kwa kunong'ona utajwe hadharani. Kisha, mwanzoni mwa 2012, likatangaza kusitisha fedha za uchunguzi wa matiti kwa Planned Parenthood, shirika la afya ya uzazi la huko, watu wakaghadhibika, na ndani ya siku chache likarudi nyuma. Wachangiaji walioondoka hawakurudi wote. Mwaka uliofuata magazeti yakaandika mshahara wa mwanzilishi, zaidi ya dola 680,000, na hapo hata waliomtetea wakanyamaza. Nembo, jina na machozi ya familia havikulikinga shirika.

Kama utalipwa, na sioni ubaya mtu kulipwa kwa kazi ya kutwa, kiwango kipangwe wewe ukiwa nje ya chumba, kiandikwe kwenye muhtasari, na mwenyekiti asiwe binamu yako. Mwanao aliyemaliza chuo asipewe uhasibu. Mkeo asipewe zabuni ya chakula cha semina, hata kama pilau lake linasifika mtaa mzima.

Usihesabu masikio. "Tumewafikia watu milioni mbili" maana yake ulizungumza redioni. Hesabu watoto waliopimwa, waliokutwa na ugonjwa, walioanza pensilini, na ambao bado wako kliniki mwaka mmoja baadaye. Tarakimu ya mwisho itakuwa ndogo na itakuaibisha. Iandike.

Usikue kwa kufungua matawi. Shirika likishika kasi, utaalikwa Mtwara, utaalikwa Kigoma, na mtu wa Toronto mwenye asili ya Tanga atataka kufungua tawi huko. Huyo wa Toronto achangishe kwa jina lake na kwa sheria za kwao, akutumie fedha kwa mkataba. Kwa hapa nyumbani, kukua ni halmashauri kuibeba kazi yako. Kila halmashauri huandaa mpango kabambe wa afya wa mwaka, na kisichoandikwa humo hakina fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Anayekwenda na ombi Juni anaonana na watu waliokwisha kufunga vitabu. Nenda miezi mingi kabla, na daftari lako la mwaka mzima mkononi: vipimo vilivyotumika, watoto waliogunduliwa, gharama kwa kila mmoja hadi senti. Mganga mkuu akikubali kuingiza vipimo vya watoto wachanga kwenye bajeti yake, umeshinda zaidi ya aliyefungua ofisi sita. Sifa zitakwenda kwa halmashauri. Ziache ziende.

Andika namna ya kufunga kabla ya kufungua. Katiba iseme nani anaitisha kikao mwanzilishi akifa, akiugua au akihamia kwa mwanawe Muscat. Iseme nani wa pili na wa tatu kwenye kutia saini, na majina yao yahuishwe benki kila bodi inapobadilika, la sivyo mtatumia mwaka mzima mahakamani mkiidai akaunti yenye milioni nne. Iseme mali ikibaki inakwenda kwa shirika lenye malengo kama yenu, si kwa warithi wako. Orodha ya wagonjwa ikabidhiwe kliniki kwa maandishi, na nakala iliyo kwenye kompyuta yako ifutwe mbele ya shahidi. Wazazi wapewe taarifa miezi mitatu kabla, kwa barua na kwa simu, pamoja na jina la muuguzi na siku ya kliniki wanakohamishiwa, na dawa ya miezi hiyo mitatu iwe imekwisha kulipiwa.